Anayeshika Kamba

Filamu ya kwanza ya mapango ya majini niliyowahi kuona niliiona ndani ya kibanda cha mabati hapa Malakisi, mwaka 2012, kwa shilingi kumi. Kibanda kilikuwa nyuma ya soko, jenereta ikinguruma nje, na mwenye kibanda alikuwa na sheria moja: ukilala, unalipa tena. Enzi hizo tulizoea filamu za kutiwa sauti na DJ Afro, zile ambamo kila Mchina ana jina la Kikenya. Hii haikuwa na DJ. Ilikuwa Kiingereza kitupu, kwa hivyo mwenye kibanda akasimama kando ya televisheni na kutueleza yeye mwenyewe, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kibukusu, na pale asipoelewa akatunga.

Filamu yenyewe ni Sanctum, iliyotoka mwaka 2011. Watu wameingia pango refu Papua New Guinea, dhoruba inakuja juu, mlango unafunikwa na maji, na njia pekee iliyobaki ni kushuka chini zaidi, kupitia vichochoro vilivyojaa maji, wakitumaini kwamba mto huo wa chini kwa chini unatokea baharini. Wanakufa mmoja mmoja. Kuna mwanamke anayekosa hewa akiwa amebanwa kwenye mwamba, na kibanda kizima kilinyamaza, hata jenereta ilionekana kunyamaza. Nilikuwa darasa la sita. Nilitoka pale nikihema kama mtu aliyekuwa majini.

Wengi wetu hatukuwa tumeona bahari. Lakini mto uliojaa tuliujua. Mto Malakisi unashuka kutoka Mlima Elgon, na tabia yake mbaya ni kwamba mvua inaweza kunyesha kule mlimani wakati sisi huku chini tumeanika nguo. Maji yanakuja bila kupiga hodi, yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo. Mwezi wa tano mwaka ule ule, mvulana wa darasa la saba katika shule yetu alichukuliwa na maji akivuka kivukoni. Alitafutwa siku mbili.

Siku ya pili ndiyo alipoletwa mzee mmoja kutoka upande wa Lwandanyi. Wote tulimwita Kuka, yaani babu, kwa hivyo hapa nitamwita hivyo hivyo. Kuka hakuwa na mtungi wa hewa wala miwani ya kuzamia. Alikuwa na kaptura na kamba ya katani. Alitembea kingoni kimya, akatazama mahali mto unapokunja kona chini ya mti wa mkuyu, akasema, yuko hapo ndani. Mto ulikuwa umechimba ukingo ule kwa miaka mingi, ukaacha shimo linaloingia chini ya mizizi, pango dogo lililojaa maji. Kamba ikafungwa kiunoni mwake. Wanaume wanne wakaishika upande wa pili, baba yangu akiwa mmoja wao. Makubaliano yalikuwa rahisi: akivuta mara moja, mwongezeni kamba, akivuta mara mbili, mvuteni, asipovuta kabisa kwa muda, mvuteni hivyo hivyo.

Alizama mara nne. Mara ya nne alitoka na mtoto.

Kulikuwa na kijana pale mwenye simu ya Kichina yenye kamera. Alirekodi. Ile video haikufika dakika moja: maji, maji, maji, kisha kichwa cha Kuka kikitokeza, kisha mkono mdogo. Kufikia Jumatatu ilikuwa shuleni. Tuliitazama nyuma ya choo, tukapeana kwa Bluetooth. Mimi nilipewa kwa simu ya mama niliyokuwa nimeiiba asubuhi, na mimi nikawapa wengine wawili. Dada yake yule marehemu alikuwa darasa letu.

Hicho ndicho kisa kilichonirudisha kwenye filamu za mapango nilipokuwa mkubwa. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, nikarudi nyumbani, nina simu, nina bando za usiku, na sina mtu wa kunidai kazi ya nyumbani. Nikaanza kufuatilia historia ya filamu hizi: nani alizipiga, wapi, na nani alikufa. Swali halikuwa la kitaalamu. Nilitaka kujua kama kuna tofauti kati ya mimi na hao wenye sinema, na kama ipo, iko wapi.

Tuanze na Sanctum yenyewe. Mtunzi mwenza na mtayarishaji wake, Andrew Wight, alikuwa mpiga mbizi wa mapango. Mwaka 1988 yeye na wenzake walikwama ndani ya pango la Pannikin Plains, kwenye uwanda wa Nullarbor nchini Australia, dhoruba ilipoporomosha mlango wa pango. Walitoka wazima. Yeye akaibeba hofu ile miaka zaidi ya ishirini mpaka James Cameron akamsaidia kuifanya filamu. Sehemu kubwa ya maji tuliyoyaogopa kule kibandani yalikuwa maji ya matangi makubwa ya studio katika jimbo la Queensland, yenye taa, joto na madaktari. Sawa, hiyo ndiyo kazi ya sinema. Lakini miongoni mwa waliozama kwa niaba ya waigizaji alikuwepo Agnes Milowka, mpiga mbizi wa mapango kweli kweli. Filamu iliingia kwenye majumba ya sinema Februari 2011. Tarehe 27 ya mwezi uo huo, Milowka alikufa ndani ya Tank Cave, Australia Kusini, baada ya kuishiwa hewa kwenye njia nyembamba. Alikuwa na miaka 29. Mwaka uliofuata, Februari tena, Wight naye alikufa katika ajali ya helikopta pamoja na mpiga filamu wa baharini Mike deGruy.

Nilipolisoma hilo nilikumbuka kibanda chetu. Tulipokuwa tunalipa shilingi kumi kumwona mwanamke akikosa hewa kwa uigizaji, mwanamke aliyezama kwa ajili ya filamu hiyo alikuwa tayari amekosa hewa kweli.

Kwa nini pango lina ubaya kuliko bahari ya wazi? Kwanza ni paa. Baharini ukiishiwa hewa, angalau juu kuna mbingu, unaweza kukata tamaa ukielekea juu. Pangoni juu ni mwamba. Pili ni matope: teke moja la mguu linavuruga vumbi la miaka elfu, na taa yako inakuwa kama taa ya gari kwenye ukungu wa Kericho. Ndiyo maana kila mpiga mbizi wa mapango anatandika kamba kuanzia mlangoni. Mkono usiiache. Tatu ni gesi. Ukishuka, shinikizo la maji linaisukuma gesi iingie kwenye damu, vile soda inavyofungiwa gesi kiwandani. Ukipanda haraka umefungua chupa iliyotikiswa. Kwa hivyo dakika chache za chini kabisa zinalipwa kwa saa nyingi za kupanda polepole, unasimama hapa, unasimama pale, unangoja.

Hesabu hiyo ya malipo ndiyo iliyofanya kisa cha Boesmansgat kiwe kile kilichokuwa.

Boesmansgat ni shimo lililojaa maji katika jimbo la Northern Cape, Afrika Kusini. Ukilitazama kutoka juu unaona kidimbwi tu. Chini yake kuna ukumbi wa giza unaoshuka zaidi ya mita 270. Ukitaka kupiga picha akilini, chukua KICC, iweke KICC nyingine juu yake, kisha ongeza nusu. Mnamo tarehe 17 Desemba 1994, kijana wa miaka 20 aitwaye Deon Dreyer alizama humo na hakutoka. Ilipita miaka kumi. Tarehe 28 Oktoba 2004, Dave Shaw, Mwaustralia aliyekuwa rubani wa ndege za abiria za Cathay Pacific, alifika sakafuni na taa yake ikamulika mwili. Alijaribu kuunyanyua, ukakataa, muda ukaisha, akafunga kamba pale na kupanda. Kisha akawaahidi wazazi wa Dreyer kwamba atarudi kumleta mtoto wao.

Alirudi tarehe 8 Januari 2005, akiwa na kamera kwenye kofia yake, kwa sababu safari hii ilikuwa inatengenezewa filamu. Kushuka kulichukua dakika kama kumi na moja. Mpango ulikuwa kukaa chini dakika tano tu, kuutia mwili kwenye mfuko, kisha kupanda kwa karibu saa kumi na mbili. Wote waliamini kwamba yaliyobaki ni mifupa ndani ya suti ya kuzamia, na mifupa hutulia. Lakini ndani ya ile suti mwili ulikuwa umegeuka kitu kama sabuni, na Shaw alipoushika ukaanza kuelea. Alikuwa ameiweka taa yake chini ili mikono yote miwili ifanye kazi. Waya wa taa na kamba za mfuko vikashikana. Alihangaika kujinasua, na katika kina kile kuhangaika ni sumu: unapumua kwa nguvu, hewa chafu inajaa mwilini haraka kuliko unavyoweza kuitoa, akili inazimika. Kamera iliendelea kurekodi. Ndiyo maana tunajua haya yote.

Watu wengi wanaishia hapo. Nami niliishia hapo mara ya kwanza, saa nane usiku, nikatafuta vipande vya video ile, nikavitazama. Sitadanganya. Mkono ulifanya vile vile ulivyofanya nyuma ya choo.

Baadaye ndipo nilipomwona mtu wa pili. Anaitwa Don Shirley, rafiki wa Shaw, mwenye jukumu la kushuka dakika kadhaa baada yake na kumkuta njiani, kwenye mita 220. Shirley aliposhuka aliona taa ya rafiki yake chini kabisa, na haikuwa inasogea. Akaendelea kushuka kuifuata. Kwenye mita kama 250 kifaa cha kuongoza mashine yake ya kupumulia kilipasuka kwa shinikizo, akalazimika kuchagua: rafiki au nafsi. Akageuka. Akiwa njiani kupanda, kiputo cha gesi kikaingia sikio la ndani na kumpokonya usawa wote. Hakujua juu ni wapi, chini ni wapi. Alizunguka gizani kama nguo kwenye mashine ya kufulia, mpaka mkono wake ukagusa kamba. Akaikamata. Akaning'inia hapo akitapika, na wenzake wakipokezana kushuka kumletea mitungi na kumshika, zaidi ya saa kumi majini. Alipona, lakini usawa wa mwili haukurudi kuwa ule wa zamani.

Siku nne baadaye, timu ilipokuwa ikivuta vifaa kutoka chini, miili yote miwili ilipanda. Shaw na Dreyer. Ile kamba ya taa iliyomuua ndiyo iliyokuwa imewaunganisha. Ahadi ilitimia, kama unataka kuiita hivyo; mimi sijui niiteje.

Filamu kuhusu kisa hiki, Dave Not Coming Back, ilitoka mwaka 2020. Inamtazama sana Shirley. Naipenda kwa hilo. Nyingi za jamii hii hazina muda na mtu anayerudi.

Sasa utaniuliza, kwani Kenya hatuna yetu? Tunayo, na iliniduwaza nilipoipata, kwa sababu ilikuwa imepita mbele ya macho yangu kwenye televisheni bila mimi kujua.

Huku kwetu kwa kwanza nilifikiria Elgon. Kutoka Kitale unapitia Endebess mpaka lango la hifadhi, halafu unapanda kwenda Kitum na Making'eny. Joseph Thomson alipita mapango ya mlima huu mwaka 1883 na kukuta watu wakiishi ndani na mifugo yao, mababu wa Wasabaot. Tembo wa Elgon huingia Kitum usiku kuchimba chumvi kwa pembe, gizani kabisa, wakipapasa kwa mkonga, na kuna ufa humo ambamo ndama huanguka wasitoke. David Attenborough alileta kamera zisizohitaji mwanga na kuwaonyesha kwenye The Life of Mammals mwaka 2002. Na kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa kamera yoyote: mwaka 1980 Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha sukari cha Nzoia, hapa Bungoma, alikufa kwa homa ya Marburg baada ya kutembelea Kitum, na mwaka 1987 kijana wa Kidenmaki naye vivyo hivyo. Popo ndio walioshukiwa, na baadaye virusi vikapatikana kwa popo. Lakini Kitum ni pango kavu. Maji yako mlangoni tu, kwenye maporomoko ya Making'eny yanayoning'inia kama pazia. Wapiga mbizi hawana kazi hapo.

Jibu lilikuwa upande mwingine wa nchi, Tsavo Magharibi, kwenye chemchemi za Mzima.

Jiolojia yake kwanza, kwa ufupi. Vilima vya Chyulu vimejengwa kwa lava na majivu ya volkano. Vimejaa matundu kama mandazi yaliyoumuka sana. Chini yake kuna njia za lava, mojawapo, Leviathan, ina urefu wa zaidi ya kilomita 11. Mvua ikinyesha Chyulu haitengenezi mto. Inazama. Inasafiri chini ya miamba, kwa miaka mingi, kama kilomita 50, kisha inabubujika Mzima ikiwa safi kama kioo. Sehemu ya maji hayo inapelekwa Mombasa kwa bomba. Jamaa yako anayeoga Kisauni leo huenda anaoga mvua iliyonyesha kabla hajazaliwa. Mzima si pango, nakubali, lakini ni mahali ambapo mto wa pangoni unatoka nje, na kabla yake hakukuwa na maji safi kiasi hicho ya kumpigia picha kiboko akiwa chini.

Alan Root alizaliwa London mwaka 1937 akaletwa Kenya akiwa mtoto. Joan Thorpe alizaliwa Nairobi mwaka 1936. Walioana mwaka 1961, na kwa miaka ishirini hivi walitengeneza filamu za wanyama ambazo watu wa Uingereza na Marekani walizitazama sebuleni kwao: za mchwa, za mibuyu, za nyumbu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walianza kuingia majini Mzima. Filamu yao, Mzima: Portrait of a Spring, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kumwonyesha kiboko pale ambapo ndiko kwake. Ukweli ni kwamba kiboko haogelei. Anatembea chini, anaruka polepole, anagusa sakafu kwa kidole kama mwezini. Samaki wa jamii ya ningu wanamfuata na kumsugua ngozi, mdomo wazi, kama vinyozi. Kuna mamba pia. Waliomo ndani ya maji hayo, bila kizimba, ni binadamu wawili wenye mitungi mgongoni.

Katika miaka ya 1970 walirudi, na kiboko dume akachoka nao. Maji yakachafuka, hawakumwona anakuja. Alimpitia Joan kwanza: jino likapasua miwani yake ya kuzamia usoni, na kwa namna isiyoelezeka uso ukabaki mzima. Kisha akamkamata Alan mguu na kumtikisa. Jino lilitoboa shavu la mguu upande mmoja likatokea wa pili. Alan alipelekwa hospitali Nairobi, kidonda kikaoza, akaponea chupuchupu.

Kisa hicho kinasimuliwa sana kama kisa cha Alan, na yeye alikisimulia vizuri, alikuwa mcheshi. Alishang'atwa na chui, na sokwe, na kifutu akamnyang'anya kidole. Lakini ukisoma taratibu unaona mkono wa pili kila mahali. Joan ndiye aliyepanga safari, aliyefunga mizigo, aliyehesabu mitungi, aliyelea wanyama mayatima waliohitajika kwenye filamu, aliyekuwa majini upande wa pili wa kamera. Alikuwa mpole mno, wanasema, hata kwenye sherehe walizotunukiwa alitamani kukaa nyuma. Waliachana. Yeye akabaki Naivasha, akaingia kwenye vita vya kulinda ziwa dhidi ya uvuvi haramu, na usiku wa tarehe 13 Januari 2006 watu wenye bunduki walimpiga risasi chumbani kwake. Washukiwa wanne walishtakiwa, wakaachiliwa. Alan alikufa Agosti 2017, na magazeti yaliandika kurasa nzima. Mimi nilikuwa nimeshaziona picha zao tangu utotoni, kwenye vipindi vya wanyama vya Jumapili, na jina la Joan sikulijua hata kidogo.

Mark Deeble na Victoria Stone walikuja baadaye wakatengeneza Mzima nyingine, Haunt of the River Horse, ya mwaka 2001. Nayo ni nzuri. Itafute ukiwa na bando.

Unaona mahali haya yanakoelekea. Hata Tham Luang, Thailand, mwaka 2018: wavulana 12 na kocha wao, walioingia pangoni tarehe 23 Juni wakatoka wote kufikia tarehe 10 Julai. Dunia nzima ilitazama. Zikatoka The Rescue mwaka 2021 na Thirteen Lives mwaka 2022. Katika ile ya kwanza, ambayo ni ya matukio ya kweli, sehemu nyingi za chini ya maji ilibidi ziigizwe upya studioni Uingereza na wapiga mbizi wenyewe, kwa sababu picha za kule ndani zilikuwa chache mno. Nani angeshika kamera? Mikono ilikuwa na kazi. Na aliyekufa wakati wa shughuli yenyewe, Saman Kunan, aliyewahi kuwa mwanamaji wa kikosi maalum, alikufa tarehe 6 Julai akitoka kupanga mitungi ya hewa njiani. Hakuwa anamwokoa mtoto mbele ya kamera. Alikuwa anapeleka mitungi.

Kisha kuna Likoni, ambayo hatuhitaji mtu atusimulie. Jumapili tarehe 29 Septemba 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri likazama kwenye mkondo, ndani mama na binti yake wa miaka minne. Ilichukua siku 13 kulitoa, kutoka mita 58. Tulitazama moja kwa moja. Mimi nilikuwa Nairobi wakati huo, kwenye chumba cha watu watano, na kila mtu alikuwa mtaalamu wa mikondo ya bahari. Wapiga mbizi wa jeshi la wanamaji, wa binafsi, wa kutoka Afrika Kusini. Leo wameona, kesho hawajaona. Kulikuwa na video ya simu pia, iliyopigwa na abiria, gari likielea halafu likizama. Nani hakuiona? Niliipokea kwenye makundi matatu ya WhatsApp. Safari hii sikuituma kwa mtu, ila niliitazama mpaka mwisho, na mara ya pili.

Sisemi filamu hizi ni mbaya. Ningekuwa mnafiki, nimezitazama karibu zote. Kuna raha ndani yake isiyo ya aibu: mwanga unaoingia mahali ambapo haujawahi kuingia, ukimya, binadamu mdogo kama punje. Mzima ya akina Root ni kitu kizuri kweli. Ninalosema ni la kamera. Kamera inamfuata anayezama, na historia yetu ya maji, ya hapa na ya kule, imeandikwa na walioifuata kamera. Nilipozirudia filamu hizi nikimtafuta mtu mwingine, yule wa upande wa pili wa kamba, zilinionyesha mambo ambayo sikuwa nimeyaona. Boesmansgat ikawa filamu ya Shirley. Mzima ikawa ya Joan. Tham Luang ikawa ya mtu mwenye mitungi.

Kwa hivyo Desemba iliyopita nikamuuliza baba. Hatujawahi kuizungumzia siku ile, miaka yote hii. Alikuwa amekaa nje akitoa mahindi kwenye magunzi. Nikamwambia, papa, ile siku ya mkuyu, mlipomshika Kuka, uliona nini?

Alifikiri nimekuja na mambo ya simu.

"Sikuona kitu," akasema. "Niliona shingo ya mtu aliyekuwa mbele yangu."

Nikamuuliza walikuwa wanahesabu vipi muda. Akasema hawakuhesabu kwa saa, hakuna aliyekuwa na saa. Mmoja wao alishika pumzi Kuka alipozama, na pumzi yake ilipomwishia akasema, sasa. Hivyo ndivyo walivyojua. Mara ya tatu yule mtu alisema sasa na kamba ikawa haiji. Walivuta, haiji. Ilikuwa imenasa kwenye mzizi. Baba alisema walinyamaza, kisha mkubwa wao akasema tusivute, tulegeze. Wakalegeza. Kulegeza kamba wakati mtu yuko chini, alisema, ni kitu ambacho mikono yako haitaki kukifanya. Ikalegea, ikajinasua, wakavuta, Kuka akatokeza akikohoa damu ya pua. Akapumzika kidogo tu, akarudi ndani.

Hiyo mara ya tatu haimo kwenye video. Kijana wa simu alikuwa anahifadhi chaji.

Nikataka kujua ile kamba ilienda wapi. Baba akacheka kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imeazimwa, akasema, kamba ya kufungia ng'ombe ya jirani, na jirani alikuja kuichukua jioni ile ile, ikiwa bado imelowa.

Akanisukumia gunzi moja na beseni. Nikakaa, tukaendelea na mahindi.